Kiyoyozi Juu ya Kabini ya Lori: Jinsi ya Kukifunga, na Nani Alipe



Sukari tunayosaga, chai tunayochuma na kahawa tunayokoboa haziendi bandarini kwa miguu yao. Zinabebwa na wenzetu madereva wa masafa marefu. Mbolea ya shamba na vipuri vya mashine za kiwandani huletwa na hao hao. Kutoka Mombasa mpaka Kampala ni zaidi ya kilometa 1,100, na mpaka Kigali ni zaidi ya kilometa 1,600. Njia yote hiyo dereva anakula barabarani, anaoga barabarani, na usiku analala katika kitanda chembamba kilicho nyuma ya kiti chake. Kabini ya lori ndiyo nyumba yake.

Mimi ni fundi umeme katika karakana ya kiwanda cha sukari upande wa Busoga. Shemeji yangu ni dereva wa njia ya Mombasa, na mara nyingine hupelekwa Juba kupitia Elegu. Mwaka jana alikuja kwangu akasema, "Shemeji, nimechoka kulala kama mkate ndani ya tanuri. Nimenunua mashine ya kupoza hewa ya kuweka juu ya paa. Nisaidie kuifunga." Tuliifunga siku ya Jumapili. Mara ya kwanza tuliifunga vibaya, na nusura tuchome lori la watu. Mara ya pili tuliifunga vizuri, na mpaka leo inafanya kazi. Nimeombwa na wenzangu wa tawi niandike yale tuliyojifunza, ili mwenye kutaka kufanya kazi hii aifanye kwa usalama, na ili sisi katika chama tujue la kudai.

KWA NINI KABINI INAKUWA MOTO

Malori mengi ya kwetu yana kabini iliyokaa juu ya injini. Dereva anaposimama baada ya safari ndefu, injini huendelea kutoa joto kwa muda mrefu, na joto hilo hupanda moja kwa moja mpaka kitandani. Mchana jua hupiga paa la bati na kioo kikubwa cha mbele. Joto likishaingia ndani halitoki upesi, kwa sababu dereva hawezi kuacha madirisha wazi. Akiyafungua, mbu wanaingia na malaria inamfuata nyumbani. Wezi nao wanaingia, kwanza wanachukua simu, kisha makaratasi ya mzigo.

Wako wanaowasha injini usiku kucha ili kiyoyozi cha lori lenyewe kifanye kazi. Injini kubwa ikisimama huku inanguruma hula kiasi cha lita 2 hadi 3 za dizeli kila saa. Kwa usiku wa saa kumi ni lita 20 hadi 30 zilizochomwa bila lori kusogea hata hatua moja. Tajiri akipima mafuta na kuona yamepungua, anamkata dereva mshahara. Tena moshi wa injini una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Malori yakiwa yamepangana karibu karibu katika foleni, moshi wa mmoja unaingia katika kabini ya mwenzake aliyelala.

Foleni zenyewe tunazijua. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, madereva walipokuwa wakingoja kupimwa, foleni ya Malaba ilifika makumi ya kilometa, na mwanzoni mwa mwaka 2022 jambo hilo likarudi tena. Watu walikaa humo kwa siku kadhaa. Mtu aliyegeuka kitandani usiku kucha kwa joto anaamka akiwa amechoka kuliko alivyolala. Kisha anapewa usukani wa gari lenye tani nyingi, na mbele yake ziko pikipiki, watoto wa shule na basi la abiria. Usingizi wa dereva ni usalama wa kila mtu aliye barabarani, pamoja na mimi na wewe tunaporudi nyumbani kutoka zamu ya usiku.

MASHINE HII NI KITU GANI

Kiyoyozi hakitengenezi ubaridi. Kazi yake ni kuchukua joto lililo ndani na kulitupa nje, kama friji ifanyavyo. Ndani ya mabomba yake mna gesi maalumu. Kompresa huikandamiza gesi hiyo, nayo inakuwa moto. Inapita katika rejeta ya nje, feni inaipuliza, nayo inageuka maji na kutupa joto lake. Halafu hupitishwa katika kitundu chembamba, msongo wake unashuka ghafula, nayo inakuwa baridi sana. Hapo hupita katika rejeta ya ndani, na hewa ya kabini ikipulizwa juu yake inapoa. Unyevu wa hewa hugeuka matone, na maji hayo hutiririka nje.

Kiyoyozi cha kawaida cha lori kina kompresa inayozungushwa na mkanda wa injini. Injini ikizimwa, nacho kimekwisha. Kiyoyozi cha paa kina kompresa ya umeme inayotumia betri za lori. Kwa hiyo kinaweza kufanya kazi injini ikiwa imezimwa kabisa.

Viko vya namna mbili. Namna ya kwanza ni kipande kimoja: vyote vimo katika sanduku moja linalokaa juu ya paa, na gesi imejazwa kiwandani na kufungwa. Namna ya pili ni vipande viwili, kimoja nje na kimoja ndani, vikiunganishwa kwa mabomba. Hiyo ya pili lazima fundi wa friji aiunganishe, atoe hewa yote ndani ya mabomba kwa pampu yake, kisha ajaze gesi kwa kipimo. Usijaribu mwenyewe. Mwenye spana na mita ya umeme tu achukue kile cha kipande kimoja.

HESABU YA BETRI KWANZA

Watu wengi huanza na paa. Huko ni kuanza mwisho. Anza na betri, kwa sababu hapo ndipo utajua kama mashine itakufaa au itakuacha porini na lori lisilowaka.

Lori kubwa lina betri mbili za volti 12 zilizofuatana, na jumla yake ni volti 24. Kama kila betri imeandikwa ampea-saa 200, zikifuatana hivyo bado ni ampea-saa 200, si 400. Volti zinajumlishwa, ampea-saa hazijumlishwi. Kosa hili nimelisikia hata kwa mafundi.

Sasa tazama maandishi ya mashine. Tuseme inakula wati 720. Gawanya kwa volti 24, unapata ampea 30. Betri za kawaida za risasi na tindikali hazipendi kumalizwa. Ukizishusha chini ya nusu mara kwa mara zinakufa mapema, na asubuhi huenda zikashindwa kuwasha injini. Kwa hiyo katika ampea-saa 200, tumia 100 tu. Kwa ampea 30, hizo 100 zinakwisha kwa saa 3 na dakika 20. Mashine nzuri hupunguza mwendo wake kabini ikishapoa. Ikishuka mpaka ampea 20 utapata saa 5. Ikishuka mpaka ampea 15 utapata kama saa 6 na nusu. Hiyo ni kwa betri mpya. Betri iliyozeeka itakupa pungufu.

Kwa hiyo anayekuambia kwamba mashine itapoza usiku kucha kwa betri mbili za zamani anakudanganya. Yako mambo matatu unayoweza kufanya.

La kwanza ni kupunguza joto lenyewe. Weka pazia nene la rangi nyeupe kwenye vioo. Tandika kizuizi cha joto chini ya godoro, juu ya mahali pa injini. Egesha kivulini, au geuza kioo cha mbele kisielekee jua la mchana. Poza kabini injini ikiwa bado inafanya kazi, nusu saa kabla ya kusimama, ili betri zisipewe kazi ya kuondoa joto la mchana kutwa. Hayo hayagharimu sana na yanasaidia hata kwa asiye na kiyoyozi.

La pili ni kuongeza jozi nyingine ya betri kwa ajili ya mashine peke yake, ikitengwa na betri za kuwashia kwa rilei ya kutenganisha. Injini ikifanya kazi, altaneta inachaji jozi zote mbili. Injini ikizimwa, rilei inaachia, na kiyoyozi hakiwezi kugusa betri za kuwashia. Hii ndiyo njia tuliyoichagua sisi baadaye. Kumbuka uzito: betri moja kubwa ya lori huweza kufika kilo 50 au zaidi, na lazima ifungwe imara kwenye chasisi.

La tatu ni kukifunga kifaa cha kukata umeme betri zikishuka. Viyoyozi vingi vinacho ndani. Soma maelezo, na ukiruhusiwa kuchagua, usikubali kishuke chini ya volti 23. Betri zilizojaa na kupumzika huonyesha kama volti 25.4 au zaidi. Zikiwa nusu huonyesha kama 24.4. Mita ndogo ya volti mbele ya dereva itamwambia ukweli kila asubuhi.

Na neno moja la mwisho hapa: usichukue volti 12 kutoka betri moja kati ya hizo mbili ili kuwasha mashine ya volti 12. Betri hiyo itachoka, mwenzake atachajiwa kupita kiasi, na zote mbili zitaharibika. Lori la volti 24 linunuliwe mashine ya volti 24.

KABLA YA KUPANDA JUU

Pata ruhusa ya mwenye lori kwa maandishi. Nitaeleza sababu mbele. Kisha pima mambo haya:

1. Pima kidirisha cha paa, urefu na upana, kisha ununue mashine au fremu inayolingana nacho. Malori mengi yana kidirisha hicho cha kuingiza hewa, na ndipo mahali pazuri pa kuweka mashine bila kukata bati.

2. Pima unene wa paa kutoka nje mpaka kwenye dari ya ndani. Boliti zinazokuja na mashine zina urefu wake.

3. Pima kimo kutoka chini mpaka juu ya mahali mashine itakapokaa, halafu ongeza kimo cha mashine. Andika jumla hiyo kwenye karatasi na uibandike mbele ya dereva. Lori lisilo na kontena nyuma hudanganya. Dereva anaona amepungua kimo, kumbe mashine ya paa ndiyo sasa iliyo juu kuliko vyote, na lango la kituo cha mafuta halina huruma.

Kama lori halina kidirisha, fikiri mara mbili. Paa lina mbavu za chuma zinazolinda watu gari likipinduka. Ukikata ubavu umeondoa ulinzi huo. Katika malori mengine mna waya na mifuko ya hewa kandokando ya dari. Kazi hiyo mpe fundi wa bodi anayelijua lori hilo.

KUWEKA MASHINE

Egesha mahali tambarare. Zima kila kitu, toa ufunguo, ngoja dakika chache. Fungua waya wa hasi wa betri kwanza, kisha wa chanya. Wakati wa kurudisha, chanya kwanza na hasi mwisho. Ukianza na chanya, spana ikigusa chasisi utaona cheche, na karibu na betri mna gesi inayolipuka.

Mashine ya namna hii ina uzito wa kilo 25 hadi 35. Usiibebe peke yako kwenye ngazi. Tumia jukwaa imara, watu wawili juu na mmoja chini akishika kamba. Paa la kabini liko kimo cha mita tatu au zaidi, na mtu akianguka kutoka hapo anaweza kufa. Sisi tulisimamisha lori kando ya jukwaa la kupakilia mifuko, kazi ikawa nyepesi.

Fungua boliti za kidirisha na ukitoe chote. Kwangua gundi ya zamani, safisha kwa kitambaa chenye spiriti, kausha. Penye kutu, piga msasa na upake rangi, ngoja ikauke. Weka gasketi ya mpira kuzunguka tundu, bila kuacha nafasi mahali ncha zinapokutana. Shusha mashine polepole, ikae sawa mara moja. Ukiiburuta juu ya gasketi utaikunja, na maji yatapita hapo.

Ndani, pandisha fremu ya chini na uingize boliti zote kwa mkono kwanza. Kisha kaza kidogo kidogo kwa kufuata msalaba: moja ya mbele kushoto, halafu ya nyuma kulia, hivyo hivyo mpaka gasketi ibonyee kufika kama nusu ya unene wake au kadiri maelezo yanavyosema. Ukikaza upande mmoja mpaka mwisho, upande wa pili utainuka. Ukikaza kupita kiasi utapinda paa. Gundi ya silikoni ipakwe nje kama kinga ya pili. Isiwe badala ya gasketi.

Angalia vitundu vya kutolea maji viwe wazi. Ukiviziba kwa gundi, maji yatarudi ndani na kumdondokea dereva usoni.

WAYA: HAPA NDIPO TULIPOKOSEA

Mara ya kwanza tulitumia waya mwembamba wa milimita mraba 6 uliobaki karakana. Waya wa hasi hatukuufikisha kwenye betri. Tuliufunga kwenye bati la kabini. Tukaupitisha waya wa chanya chini ya kabini ukiwa umenyooka kabisa. Mashine ikawaka, tukafurahi, tukanywa chai. Siku tatu baadaye shemeji alisimama Mtito Andei, akainamisha kabini ili aangalie mkanda wa injini. Waya ukavutika, ngozi yake ikachubuka kwenye ukingo wa chuma. Aliporudisha kabini chini na kuwasha mashine, akaona moshi. Bahati yake alikuwa macho, akakimbilia betri na kung'oa waya. Kama angekuwa amelala, leo ningekuwa naandika habari nyingine.

Sasa sikiliza jinsi inavyotakiwa.

Waya wa chanya na wa hasi yote miwili itoke kwenye betri moja kwa moja. Kabini imekaa juu ya mipira na springi, na muunganisho wake na chasisi haukukusudiwa kubeba ampea 30 usiku kucha. Ukifunga hasi kwenye bati, umeme utatafuta njia yake kupitia waya nyembamba za taa na mita.

Unene wa waya una hesabu yake. Tuseme kutoka betri mpaka paa ni mita 6. Kwenda na kurudi ni mita 12. Kwa ampea 30, waya wa shaba wa milimita mraba 6 utapoteza volti 1 nzima njiani, na volti hiyo inageuka joto. Kifaa cha kukata umeme nacho kitadhani betri zimekwisha, kumbe bado. Waya wa milimita mraba 16 utapoteza kama volti 0.4 tu. Basi tumia wa 16. Vichwa vya waya vibanwe kwa koleo la kazi hiyo, visipigwe nyundo.

Fyuzi iwekwe kwenye waya wa chanya, karibu na betri, isizidi urefu wa mkono mmoja. Fyuzi inalinda waya. Ukiiweka juu karibu na mashine, mita zote za waya zilizo chini hazina mlinzi. Kwa mashine ya ampea 30, fyuzi ya ampea 40 inatosha, ila kama maelezo yanataka nyingine fuata maelezo. Kamwe usiweke msumari au waya mahali pa fyuzi iliyoungua. Fyuzi ikiungua inakuambia pana kosa, tafuta kosa.

Pitisha waya ndani ya bomba la plastiki la kukunjika. Kila panapotoboka bati, weka mpira wa kukinga waya. Funga kila baada ya sentimita 30, mbali na bomba la moshi na mbali na turbo. Mahali kabini inapoinamia, acha waya wenye ziada wa kutosha, uliopinda kama upinde, kisha inamisha kabini polepole mpaka mwisho huku mwenzako akitazama waya usivutike wala usibanwe. Jaribio hili lifanyike kabla ya kuunganisha betri.

KUJARIBU

Rudisha betri, washa injini, washa mashine. Pima volti kwenye betri, kisha pima kwenye mashine ikiwa inafanya kazi. Tofauti ikizidi nusu volti, pana kiungo kibaya. Baada ya dakika 20 gusa kila kiungo kwa mkono: vuguvugu si neno, moto ni hatari. Weka kipimajoto kwenye hewa inayoingia mashine na inayotoka; inayotoka iwe baridi zaidi kwa kama nyuzi 8 hadi 12. Mwagia paa maji kwa mpira kwa dakika kumi, mtu mwingine akiwa ndani na tochi. Halafu zima injini, acha mashine ifanye kazi kwa betri, na usubiri ijikate yenyewe. Ikishajikata, jaribu kuwasha injini. Ikiwaka, kazi imekwisha. Ikishindwa, ni afadhali ikushinde hapo karakana kuliko porini baina ya Nimule na Juba.

Baada ya safari ya kwanza, kaza boliti zote tena. Barabara ya vumbi inataka chujio lioshwe kila wiki na rejeta ya nje ipigwe brashi laini. Gesi usiifungue. Malori ya zamani sana yalitumia gesi ya R-12, ambayo iliachwa baada ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 kwa kuwa iliharibu anga. Siku hizi mashine nyingi hutumia R-134a. Haishiki moto, lakini ikiruka hugandisha ngozi na macho, nayo huongeza joto la dunia ikiachwa iende hewani. Ziko pia mashine zenye gesi inayowaka kama ya kupikia. Soma kibandiko.

Na jambo hili mwambie kila dereva: kiyoyozi cha paa huzungusha hewa ile ile ya ndani. Hakileti hewa mpya. Acha mwanya mdogo wa dirisha wenye wavu. Usipikie ndani ya kabini kwa jiko la makaa wala la gesi, hata liwe limezimika nusu. Watu wamelala na jiko hawakuamka.

NANI ALIPE

Sasa tuje kwenye jambo la chama. Shemeji yangu alilipa mashine ile kwa akiba yake mwenyewe. Lori si lake. Siku atakapoachishwa kazi, je, atapanda juu na spana kung'oa mali yake, aache tundu la paa? Na lori likiungua, nani ataambiwa ameliharibu? Ndiyo sababu nimesema ruhusa iwe ya maandishi. Iandikwe mashine ni ya nani, nani amelipa, nani ataitengeneza, na kwamba dereva akiondoka atarudishiwa gharama yake au atachukua mashine. Karatasi moja yenye sahihi mbili inazuia kesi ndefu.

Lakini tusiishie hapo. Mkata miwa hanunui panga la kampuni kwa mshahara wake, na ambaye bado ananunua yuko katika madai yetu. Mtu wa boila anapewa glavu. Mpulizia dawa shambani anastahili buti na barakoa. Kwa mwajiri anayeamua kwamba dereva alale ndani ya lori kulinda mzigo, kabini ni mahali pa kazi, na mahali pa kazi pawe salama kwa gharama ya mwenye kazi. Mwezi Juni 2022, mkutano wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) huko Geneva ulitangaza mazingira salama na yenye afya kazini kuwa miongoni mwa haki za msingi za kila mfanyakazi.

Tena uko Mkataba namba 153 wa shirika hilo, wa mwaka 1979, juu ya saa za kazi na mapumziko katika uchukuzi wa barabara. Unasema dereva asiendeshe zaidi ya saa 4 mfululizo bila kupumzika. Kwa siku asizidi saa 9 za kuendesha, wala 48 kwa wiki. Na katika kila saa 24 apate kwa kawaida saa 10 mfululizo za mapumziko. Unasema pia kwamba wakati wa mapumziko hayo dereva asilazimishwe kukaa ndani ya gari au karibu nalo, kama ameshachukua hatua za kulinda gari na mzigo. Ni nchi chache tu duniani zilizouidhinisha. Hata hivyo maneno yake ni kipimo kizuri cha kuweka mezani tunapojadiliana na waajiri.

Nasema hivi kwa sababu nimeona hatari moja. Tajiri mmoja aliposikia kwamba dereva wake ana kiyoyozi alisema, "Vizuri, sasa huna haja ya pesa ya kulala." Akamkata posho ya malazi. Yaani mfanyakazi amejinunulia usingizi kwa fedha yake, na kwa hilo akapunguziwa malipo. Chama kikubali mashine, kisikubali biashara hiyo. Kiyoyozi kisitumiwe kumgeuza dereva kuwa mlinzi wa usiku asiyelipwa.

Kwa hiyo napendekeza matawi yetu, pamoja na wenzetu wa uchukuzi, yaweke mambo manne katika madai: mwajiri anayetaka dereva alale garini afunge kiyoyozi na betri zake kwa gharama yake, kazi hiyo ifanywe na fundi na kukaguliwa, posho ya malazi isiguswe, na saa za kulala zihesabiwe kuwa za kulala. Sisi wa kiwandani tunayo nguvu katika jambo hili, kwa maana malori yanapakiwa katika mabohari yetu. Mtu wa bohari anamwona dereva anaposinzia juu ya usukani akingoja zamu. Asimcheke. Amuulize amelala wapi jana.

Shemeji alipita wiki iliyopita akielekea Mombasa. Nilipanda juu nikakaza boliti mbili, nikaosha chujio, nikapima volti: 25.5. Alikuwa amelala saa saba katika foleni ya Malaba mchana wa jua kali, na macho yake yalikuwa meupe. Nilimwambia aniachie karatasi ya ruhusa niitolee nakala kwa ajili ya tawi. Mwenye kuihitaji kama mfano aje karakana baada ya zamu ya mchana.